Wajibu ni wa Halmashauri, si wa Mnyonge

Hotuba ya wakili mbele ya mkutano wa mafunzo ya uraia kwa wanaharakati na waumini



Mada niliyopewa ni usawa wa mbari na makabila katika huduma na ajira za serikali za mitaa. Ni ndefu kutamka, lakini maana yake ni fupi: ni nani anayepata kazi katika ofisi ya kaunti, na ni nani anayehudumiwa kwa heshima akifika dirishani.

Nitaanza na kesi ambayo sikuifungua.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia ofisini mama mmoja, muuguzi mwenye cheti na uzoefu. Alizaliwa katika kaunti ninayoizungumzia, akasoma huko, akaolewa huko. Wazazi wake, watu wa kabila lingine, walihamia huko kabla ya uhuru. Aliomba kazi katika zahanati ya umma, akaitwa kuhojiwa. Mmoja wa waliomhoji alilisoma jina lake la tatu, akainua kichwa na kumwuliza, "Kwani huko kwenu hakuna zahanati?" Wenzake wakacheka. Mahojiano yakaishia hapo.

Nilimfafanulia vifungu vya Katiba kimoja baada ya kingine. Nikamwambia kesi ipo, na ni nzuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wakili, nikiwashtaki, mzazi wangu akifa nitamzika wapi?" Akachukua bahasha yake ya vyeti akaenda zake.

Ndugu zangu, swali lile limenisumbua kuliko swali lolote nililowahi kuulizwa na hakimu. Nilikuwa na sheria mkononi, lakini ilikuwa sheria ya kumngojea mnyonge ainue mkono kwanza, peke yake, mbele ya watu wenye kazi, maji na ardhi. Leo nataka kuwaeleza kwamba ipo njia nyingine. Mzigo wa usawa waweza kuondolewa mabegani mwa aliyeonewa na kuwekwa mabegani mwa halmashauri yenyewe.

MJI ULIOWAAMBIA WATU WASIJE

Njia hiyo nitaionyesha kwa kisa cha mji wa Leicester nchini Uingereza. Nimeuchagua kwa sababu kisa chenyewe kilianzia huku kwetu Afrika Mashariki.

Mwezi Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke. Wengi walikuwa na pasipoti za Uingereza, na watu wapatao 28,000 waliingia nchi hiyo. Leicester ulikuwa na jamii ya Wahindi tayari, baadhi yao wakiwa wametoka Kenya miaka michache kabla. Halmashauri ya mji ikaona hatari. Mwezi Septemba 1972 ilinunua nafasi katika gazeti la Uganda Argus, ikatoa tangazo la kuwashauri Wahindi hao, kwa faida yao wenyewe na ya jamaa zao, wasije Leicester. Sababu zilizotajwa zilikuwa za huduma: nyumba, shule, afya. Kwa maneno mengine, serikali ya mtaa ilizitumia huduma zake kama ukuta.

Kabla hatujamlaumu Mwingereza, tujitazame. Wale waliotoka Kenya hawakuhama kwa kupenda baridi. Mwaka 1967 Bunge letu lilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana wasiokuwa raia, na waliobanwa zaidi walikuwa Wahindi. Walipoanza kuondoka kwa wingi, Uingereza nayo mwaka 1968 ikapitisha sheria ya haraka ya kuwafungia mlango watu wenye pasipoti zake yenyewe. Watu hawa walisukumwa huku na kukataliwa kule. Ilipita miaka 50 tangu 1967 ndipo, mwezi Julai 2017, serikali ya Kenya ikawatambua Wakenya wenye asili ya Kihindi kuwa jamii ya 44 ya nchi hii.

Basi, Wahindi wa Uganda walikwenda Leicester hata hivyo. Walifanya kazi viwandani, wakafungua maduka, wakapiga kura. Na sheria ikabadilika.

SHERIA YA MWAKA 1976

Uingereza ilipata sheria yake ya kwanza ya kupinga ubaguzi wa rangi mwaka 1965. Hiyo iligusa mahali pa umma kama hoteli na mabasi, lakini si ajira wala nyumba. Ajira na nyumba ziliingizwa mwaka 1968. Mwaka 1976 ikaja sheria kubwa zaidi, nayo ilikuwa na mambo mawili ambayo naomba myashike.

Jambo la kwanza ni kwamba ilitambua ubaguzi wa kuzunguka. Mwajiri aweza asitaje rangi wala kabila, bali aweke sharti linaloonekana la kawaida, ambalo watu wa kundi fulani hawawezi kulitimiza kwa wingi kama wenzao. Kama sharti hilo halina sababu ya haki inayotokana na kazi yenyewe, ni ubaguzi. Sheria hiyo haikuhusu rangi ya ngozi pekee. Ilitaja pia asili ya kikabila. Mwaka 1983 Baraza la Malodi liliamua kwamba Masingasinga ni kundi linalolindwa na sheria hiyo, kwa kuwa wana historia na utamaduni wao. Kwa hiyo nikisema mbari na kabila kwa pumzi moja sichanganyi mambo. Sheria yenyewe iliyaweka pamoja, na Kifungu cha 27 cha Katiba yetu kimefanya vivyo hivyo.

Jambo la pili liko katika kifungu cha 71. Hicho kiliiagiza kila serikali ya mtaa ifanye kazi zake huku ikizingatia haja ya kuondoa ubaguzi, kukuza fursa sawa, na kujenga uhusiano mwema baina ya watu wa mbari mbalimbali. Hapo sheria haikungoja malalamiko ya mtu. Ilimwambia mwenye mamlaka: amka asubuhi ukijua kwamba hii ni kazi yako.

Leicester, mji ule ule wa tangazo la 1972, ukakichukua kifungu hicho kwa bidii, hata ukapita mpaka. Mwaka 1984 wachezaji watatu wa klabu ya raga ya mji huo walijiunga na ziara ya timu ya Uingereza huko Afrika Kusini, wakati wa utawala wa makaburu. Halmashauri iliiuliza klabu maswali manne na kudai majibu ya kuiridhisha. Klabu ilijibu kwamba inapinga ubaguzi, ila wachezaji wako huru kuamua. Halmashauri ikaifungia kutumia uwanja wa umma kwa miezi 12. Kesi ilifika Baraza la Malodi mwaka 1985, na halmashauri ikashindwa. Mahakama haikusema kwamba halmashauri haina haki ya kujali uhusiano wa mbari katika kusimamia mali ya umma. Ilisema kwamba haiwezi kumwadhibu mtu ambaye hajavunja sheria yoyote.

Nawaomba wanaharakati waitunze hukumu hiyo moyoni, kwa maana kupigania jambo la haki hakumpi mtu ruhusa ya kuwaonea wengine. Tutarudi kwake.

KASORO NA MAREKEBISHO

Kifungu cha 71 kilikuwa na udhaifu. Hakikumlazimisha mtu kuhesabu wala kutangaza chochote, na halmashauri iliyokipuuza haikuadhibiwa. Mahali penye madiwani wenye nia njema kilifanya kazi. Kwingineko kilibaki kabatini.

Kilichoiamsha nchi ile kilikuwa damu ya kijana. Tarehe 22 Aprili 1993 kijana mweusi, Stephen Lawrence, alichomwa kisu na kuuawa na genge la vijana wa kizungu kwenye kituo cha basi jijini London. Polisi waliivuruga kesi. Wazazi wake hawakunyamaza, na mwezi Februari 1999 ripoti ya Sir William Macpherson ilisema wazi kwamba ubaguzi waweza kukaa ndani ya taasisi yenyewe: katika taratibu, mazoea na uzembe wake, hata kama hakuna ofisa mmoja anayekiri kuwa mbaguzi. Taasisi inaposhindwa kwa pamoja kuwapa watu huduma inayowastahili kwa sababu ya rangi, utamaduni au kabila lao, huo nao ni ubaguzi.

Ndipo sheria ya mwaka 2000 ikaupa wajibu ule meno. Mashirika ya umma, zikiwemo serikali za mitaa, yalitakiwa kuandika na kutangaza mpango wa usawa, na kuchunguza kama huduma zao zinawaumiza watu wa kundi fulani kuliko wengine. Yalitakiwa pia kuhesabu, kwa mbari, wafanyakazi, walioomba kazi, waliopandishwa vyeo na waliopewa mafunzo, na kutangaza hesabu hiyo kila mwaka. Tangu mwaka 2011 wajibu huo uko katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010.

Sisemi Leicester imekuwa paradiso. Mwezi Septemba 2022 vijana wa Kihindu na wa Kiislamu walipambana katika mitaa yake. Lakini katika sensa ya mwaka 2021 hakuna kundi hata moja lililofikia nusu ya wakazi wa mji huo, na wajukuu wa wale walioambiwa wasije ni wenyeji kama wengine.

TURUDI NYUMBANI

Nisieleweke kwamba Mwingereza ndiye mwalimu wetu wa haki. Ni serikali ya kikoloni iliyopanga mishahara ya watumishi wake nchini Kenya kwa rangi. Tume ya Holmes ya mwaka 1948 iliona sawa Mhindi alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu, na Mwafrika awe chini ya wote. Ilikuwa mpaka tume ya Lidbury, mwaka 1954, ndipo kanuni hiyo ikakataliwa. Nairobi, mji uliojengwa kwa jasho la Waafrika, ulimpata meya wake wa kwanza Mwafrika mwaka 1962, naye ni Charles Rubia. Ni Rubia huyo huyo ambaye mwaka 1990, pamoja na Kenneth Matiba, alidai vyama vingi akawekwa kizuizini. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka wazee wakizima redio mgeni alipobisha hodi.

Kifungu cha 2A kiliondolewa mwezi Desemba 1991, nasi tukadhani kwamba vyama vikiwa vingi ukabila utapungua. Haikuwa hivyo. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Katika majivu hayo ikazaliwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, inayosema kwamba hakuna taasisi ya umma itakayokuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Ikaja Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika Kifungu cha 232 inadai utumishi wa umma uwe na sura ya jamii zote za Kenya. Ikaja Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Kifungu chake cha 65 kinaitaka Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti izingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia zijazwe na watu wasio wa kabila lenye wengi katika kaunti hiyo.

Mwaona basi kwamba kwa maandishi hatuko nyuma ya Leicester. Wajibu tumekwisha kuuweka mahali pake. Na utekelezaji? Mwaka 2016 Tume ya Uwiano na Utangamano ilizikagua kaunti zote 47. Ni kaunti 15 tu zilizokuwa zimetimiza sharti la asilimia 30. Tulipoigatua serikali tuligatua na upendeleo wake: ule uliokuwa Nairobi ukapata makao makuu 47.

Nawajua watakaosema, "Kaunti ni yetu, na kazi hizi ni za watoto wetu." Nawajibu kwa upole. Asilimia 30 si asilimia 100. Sheria imekiri kwamba wenyeji wengi watapata kazi nyingi. Inachokataa ni kwamba wazipate zote. Wengine watasema kwamba usawa unaua sifa. Mbona muuguzi wangu alikuwa na sifa zote, na kilichomwangusha ni jina? Katiba inataka ushindani wa haki na sifa, na inataka sura ya jamii zote pia. Anayesoma nusu ya kwanza na kuziba nusu ya pili si mtetezi wa sifa.

Wapo pia, upande wetu, watakaodai kwamba walio wengi wafukuzwe ili hesabu ikae sawa. Hapo ikumbukeni klabu ya raga. Karani aliyeajiriwa kihalali hajatenda kosa kwa kuzaliwa katika kabila kubwa. Hesabu irekebishwe kwa nafasi mpya.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nilipokuwa wakili kijana niliombwa na halmashauri moja nisaidie kuandika tangazo la kazi ya karani wa stoo. Wakubwa walitaka mwombaji awe "anaijua vizuri lugha ya mahali hapa." Nikaandika bila kusita. Karani wa stoo! Anaongea na magunia na vitabu vya hesabu. Kwa mhudumu wa afya anayezuru wazee vijijini sharti hilo lingekuwa na sababu ya haki. Kwa stoo lilikuwa kufuli tu, na fundi aliyelichonga ni mimi, niliyeusoma ubaguzi wa kuzunguka chuoni na kupasi mtihani wake. Nawaambia haya ili tusidhani kwamba wabaguzi ni watu wengine wenye pembe. Mara nyingi ni mtu msomi na mpole, anayeandika alichoambiwa.

KANISA NALO

Wapendwa waumini, jambo hili si geni katika Maandiko. Matendo ya Mitume, sura ya sita, inasimulia manung'uniko ya kundi lililosema Kiyunani kwamba wajane wao walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Tazameni mitume walivyofanya. Hawakusema hao ni wachochezi. Hawakumtaka mjane mmoja mmoja alete ushahidi. Waliitisha mkutano, wakatengeneza utaratibu mpya, na watu saba wakachaguliwa kusimamia huduma. Someni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Walionung'unika walikabidhiwa ghala.

Je, jumuiya zetu zafanya hivyo? Dayosisi ngapi zimewahi kumkataa mchungaji kwa sababu si "wa kwetu"? Hatutakuwa na kinywa cha kuikemea kaunti iwapo karani, dereva na mlinzi wa kanisa wote wametoka bonde moja.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuulize hesabu. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 vinampa raia haki ya kuomba taarifa, na ofisi yatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Iandikieni kaunti: wameajiriwa wangapi, kutoka jamii zipi, katika ngazi zipi? Na msiishie kwenye ajira. Visima vimechimbwa wadi zipi? Basari zimegawiwa akina nani? Vibanda vya soko vimekwenda kwa nani? Barua hiyo itiwe sahihi na wengi, wa kila kabila na dhehebu, ili asipatikane mmoja wa kuulizwa mazishi atafanyia wapi.

Pili, tuyasome matangazo ya kazi kwa jicho la ubaguzi wa kuzunguka. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinataka nafasi zitangazwe ziwafikie watu wengi iwezekanavyo, hasa waliosahauliwa. Tangazo lisomwe katika kila kanisa na kila msikiti, na kwa Kiswahili, si katika redio ya lugha moja pekee.

Tatu, Bodi ya Utumishi yapaswa kutoa ripoti kila mwaka kwa Bunge la Kaunti kuhusu jinsi maadili ya Katiba yanavyofuatwa. Ripoti hiyo ikisomwa, nyinyi muwe kwenye viti vya wananchi mkisikiliza. Isiposomwa, mwulizeni mwakilishi wenu kwa nini.

Nne, ikibidi kwenda mahakamani, twende pamoja. Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu au chama kushtaki kwa niaba ya mwingine, au kwa faida ya umma. Siku ile sikumweleza mama yule jambo hili kwa uzito unaostahili. Nilimtaka awe shujaa peke yake, na hilo ndilo kosa langu la pili.

Wahenga walisema Mgala muue na haki umpe. Ni methali kali, na jamii iliyotajwa humo ina sababu ya kuichukia. Lakini hata aliyeitunga akiwa na chuki moyoni alikiri kwamba haki ya mtu haiondolewi na asili yake. Sisi tunaojiita wapenda mageuzi tutashindwa na yeye?

Muuguzi wangu yupo bado. Anafanya kazi katika kliniki ndogo ya kulipia, umbali wa kutembea kutoka ile zahanati ya umma iliyomkataa, ambayo mara ya mwisho nilipopita ilikuwa na foleni mpaka langoni. Waliokuwa kwenye foleni ile ni watu wa lile kabila kubwa lenyewe, wakimngojea muuguzi ambaye kaunti yao ilimcheka.

Karatasi ya barua ya kuomba hesabu iko pale mezani karibu na mlango. Nimeshaitia sahihi yangu, na nafasi zilizobaki ni zenu.